Transista Isiyopenda Taa

Mteja alikuwa bwana mmoja wa mtaa wa Malindi, na malalamiko yake yalimchekesha kila aliyekuwapo dukani. Redio yake ya betri ilisema vizuri kutwa nzima. Ikiingia magharibi, taa zikiwashwa, inaanza kuvuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Ukiipeleka ukumbini gizani, inanyamaza. Ukiirudisha mezani chini ya glopu, nyuki wamerudi. Nyumbani kwake walikuwa wameshaanza kutafuta mganga.

Ilikuwa 1962, Unguja, nami nilikuwa na miaka 14: mfagia duka na mshika bisibisi wa fundi mmoja Mgoa pale Mkunazini. Fundi aliigeuza redio, akaona kifuniko cha nyuma hakipo, akatabasamu. Ndani mlikuwa na transista za OC71, zile za Mullard na Philips, kila moja kichupa cha kioo kisichozidi kokwa ya tende, kimepakwa rangi nyeusi. Kimoja kilikuwa kimechunika. Akaniambia nikisogezee taa: mvumo. Nikifunike kwa kidole: kimya.

Germaniamu iliyomo ndani yake huona, ndivyo alivyonieleza. Mwanga ukiigusa, inapitisha umeme zaidi. Na glopu ya nyumbani, ijapokuwa machoni petu inawaka imetulia, mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde, kwa sababu umeme wenyewe huenda na kurudi mara 50. Redio ilikuwa inaisikia taa. Dawa yake ikawa tone moja la rangi nyeusi ya mlango. Bwana wa Malindi alilipa akaondoka bila kuamini. Nadhani angeridhika zaidi kama tungemchinjia kuku.

Siku zile redio Unguja ilikuwa jambo kubwa. Sauti ya Unguja ilianza 1951. Mwaka 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, na 1957 ikafuata BBC ya London. Kila baraza lilikuwa na wabishi wake wa kuchagua stesheni, na kila baraza likiharibikiwa redio, redio ilikuja kwetu. Tulifundishwa kwa masikio na kwa vidole. Redio za vali zilikuwa na umeme wa volti 250 ndani, kwa hiyo sheria ya kwanza ilikuwa kufanya kazi na mkono mmoja, mwingine umetiwa mfukoni, umeme usije ukapata njia ya kupita kifuani. Sheria ya pili ilikuwa kidole. Fundi alikilowesha kwa ulimi, akagusa waya wa kati wa kitasa cha sauti. Spika ikivuma, nusu ya mwisho ya redio ni nzima, ugonjwa uko nyuma. Ikinyamaza, ugonjwa uko hapa mbele. Mwili wa mtu huokota umeme wa nyaya zilizomo ukutani kama antena, na kidole ndicho kinachoutia ndani ya redio. Nilishangaa kuambiwa kwamba mimi mwenyewe navuma.

Januari 12, 1964, Mapinduzi. Sauti ya John Okello, aliyejiita kiongozi wake, tuliisikia redioni kama walivyoisikia wengine wote, na siku zile hakuna aliyeleta redio kutengenezwa, kwani hakuna aliyekubali yake ilale nje. Yaliyotupata nyumbani kwetu sitayaeleza hapa. Wameshayaeleza watu wenye ustahamilivu kuliko mimi. Fundi wangu Mgoa alikwenda zake. Mimi nilibaki na sanduku lake la bati, bisibisi nne, mita moja ya sindano, na mkebe wa vipuri ambao ndani yake mlikuwa na OC71 tano.

Baba yangu asili yake ni Nizwa, Oman. Unguja tuliitwa Wamanga. Julai 1970 Sultani Qaboos alipochukua nchi kutoka kwa baba yake, akawaita Waomani walioko nje warudi, na sisi tukaanza kurudi mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kufika: kwa Mombasa, kwa Dubai, kila mtu na njia yake. Nilifika Nizwa 1973, juu ya lori, kupitia bonde la Sumail, nikiwa na vumbi hata ndani ya masikio. Siku ya tatu tu nikapata jina jipya. Kule nilikuwa Mmanga, huku nikawa Mzanzibari.

Nizwa ya wakati ule ni mnara, mitende na maji. Mnara ni ule wa ngome ya Imamu Sultan bin Saif al-Yaarubi, wa karne ya 17, mnene, wa duara, unaonekana kabla hujauona mji. Maji ni ya Falaj Daris. Mji ulikuwa na wanachuoni, wahunzi, masonara wa majambia, wapika halua. Fundi redio hakuwapo. Redio zenyewe zilikuwapo, tena za zamani. Wazee waliniambia kwamba katika vita vya Jabal Akhdar, baina ya 1957 na 1959, walikuwa wakijifunika blanketi kusikiliza Cairo ikiwatangazia habari zao wenyewe. Julai 1957 ndege za Kiingereza ziliipiga ngome ya Nizwa kwa roketi. Aliyekuwa na redio aliyasikia mashambulizi hayo mara mbili: kwanza kwa masikio yake, kisha kutoka Misri.

Redio ikifa, ilipelekwa Matrah kwa wenye gari, ikarudi baada ya miezi miwili au haikurudi. Nikakodi kichumba sokoni, pembeni mwa sonara mmoja mzee. Umeme haukuwapo hapo dukani. Chuma changu cha kulehemu nilikipasha moto katika seredani ya yule sonara, na yeye alinifundisha jambo ambalo Mgoa hakunifundisha: kupuliza mkaa kwa pumzi ndefu isiyokatika. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni na cha sala. Yeye hakujua Kiswahili hata neno. Tulielewana kwa nyusi, kwa midomo na kwa kugonga meza.

Siku ya kwanza ya kazi nikapata fedheha. Nililowesha kidole, nikagusa kitasa cha sauti cha redio ya muuza mbuzi mmoja. Hapana mvumo. Nikaifungua redio nzima kutafuta ugonjwa wa mbele, nisiuone. Nikagusa tena: ule mlio mkavu tu, tak, basi. Ilinichukua mpaka alasiri kufahamu. Redio ile nusu yake ya mwisho ilikuwa nzima. Kidole ndicho kilichokuwa bubu, kwa sababu katika mtaa mzima hapakuwa na waya wa umeme wa kukitia mvumo. Miaka yote Unguja nilidhani napima redio kwa mwili wangu. Kumbe nilikuwa napima kwa mitambo ya umeme ya mji.

Ndiyo maana mimi naweza kukwambia umeme ulifika lini mtaani kwetu bila ya kutazama karatasi za serikali. Kwanza zilikuja jenereta, na kidole kikawa kinavuma magharibi mpaka saa nne za usiku, jenereta inapozimwa. Kisha waya wa serikali ukapita, na tangu hapo sijawahi kuwa kimya.

Joto nalo lilikuwa somo jipya. Germaniamu haipendi mwanga, lakini joto hulichukia zaidi. Redio iliyosema vizuri Unguja ikifika Nizwa mwezi wa Juni inazira adhuhuri: sauti inakuwa nzito, inakwaruza, inakwenda. Watu wakidhani imeharibika. Nilikuwa nawaambia waiweke karibu na mtungi wa maji, ule wa udongo wanaouita jahla, wangoje nusu saa. Wengine walikasirika kwa kuona kwamba fundi hana dawa ila maji ya kunywa. Redio ilipopoa ikasema, wakarudi kunisalimia. Hata hivyo senti sikupata. Afadhali zilipoenea transista za silikoni, ambazo joto la Nizwa kwao si kitu.

Miaka iliyofuata inasimulika haraka. Redio ya nchi ilikuwa hewani tangu 1970, na Novemba 17, 1974 ikaanza televisheni Muscat. Nikawa fundi wa antena, nikipanda mapaa. Zikaja kaseti, zikaja video. Wakaja mafundi wa Kerala, hodari kuliko mimi na wenye bei ya chini. Wawili walifanya kazi dukani kwangu na mmoja alinifundisha televisheni za rangi. Halafu bei ya kitu kipya ikawa chini ya bei ya kukitengeneza cha zamani. Hilo ndilo lililoua ufundi, wala si uvivu wa vijana kama wasemavyo wazee wenzangu. Nilifunga 2008. Sanduku la bati nikalipandisha juu ya kabati.

Sasa nimfikie dada yangu.

Dada amenipita kwa miaka mitatu, na katika ukoo wetu ndiye aliyekuwa bingwa wa kusema bila kufungua mdomo. Watu wa mwambao wanaijua lugha hiyo. Nyusi zikipanda mara moja ni ndiyo. Mdomo ukibinuka kidogo kuelekea mlango ni "huyo anakuja". Jicho la pembeni kwa mtoto aliyenyoosha mkono kwenye sinia ya wageni halihitaji tafsiri. Mama yetu alikuwa akisema kwamba dada akikonyeza Mkunazini, mtu anajikwaa Darajani. Nizwa alikuta lugha hiyohiyo ina lafudhi nyingine, akaizoea kwa mwezi mmoja, wakati Kiarabu kilimchukua miaka.

Miaka miwili iliyopita akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na wa kushoto ulikuwa umeshalemazwa vidole na baridi yabisi. Maneno yakaondoka. Paji la uso lilibaki, na daktari alitueleza sababu: misuli ya paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo upande mmoja ukiumia, mwingine huendelea kuinua nyusi. Mchana tukazungumza naye kama kawaida yake. Usiku ndio ulikuwa tabu. Nyusi hazina sauti. Asubuhi moja tulimkuta kiu imemkausha, na machozi yamekauka kuelekea masikioni. Alikuwa ameita usiku kucha kwa nyusi, na sisi tumelala chumba cha pili.

Mjukuu wangu wa kike anasoma uhandisi hapa hapa Nizwa. Akaniambia, "Babu, tutamtengenezea kengele." Alikuwa na kibao cha Arduino, kompyuta ndogo ya kiganjani iliyobuniwa Ivrea, Italia, 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasiotaka kuanza kila kitu kutoka sifuri. Akaleta na vibandiko vile wanavyobandika kifuani hospitalini kupima moyo. Rai yake ilikuwa kusikiliza umeme wa misuli yenyewe. Kila msuli ukijikaza hutoa umeme, na hili Wataliano wanalijua tangu Galvani aandike habari za miguu ya vyura mwaka 1791. Mfaransa Duchenne naye, katika kitabu chake cha 1862, aliwatia watu umeme usoni mpaka wakacheka na kukasirika bila ya kutaka, akawapiga na picha. Sisi tulitaka kinyume chake: dada akasirike mwenyewe, umeme wake uje kwetu.

Shida ni kwamba umeme huo ni mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa maikrovolti, lazima uongezwe mara elfu au zaidi. Tukambandika dada juu ya nyusi. Mjukuu akafungua kompyuta, na kwenye skrini, badala ya mstari mwembamba unaoruka nyusi zikipanda, ukaja mkanda mnene kama ukili. Akatazama programu yake, akabadilisha namba, akatazama tena. Nikalowesha kidole changu nikagusa waya. Mkanda ukanenepa maradufu.

"Babu, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Hao ni nyuki."

Nikamwambia azime kiyoyozi, ang'oe chaja ya kompyuta ukutani, afanye kazi kwa betri tupu, ambayo ni lazima hata hivyo: waya uliobandikwa kwenye ngozi ya mtu haufai kuwa na ujamaa wowote na umeme wa ukutani. Mkanda ukapungua ukawa uzi. Dada akapandisha nyusi, uzi ukaruka. Tukapiga makofi kama watoto. Kukicha, ngozi yake ya utu uzima ilikuwa imekuwa nyekundu chini ya vibandiko, na nilipovishika vipya akafumba macho akageuza uso. La yake hiyo. Tukaacha.

Mjukuu akanionyesha picha ya Stephen Hawking, mwanafizikia Mwingereza aliyefariki 2018. Miaka yake ya mwisho hakuwa na kiungo cha kuchezesha ila shavu, na kwenye miwani yake palikuwa na kidude kidogo kilichokuwa kikilitazama shavu hilo kwa mwanga wa infraredi. Kwa shavu hilo alichagua maneno, herufi kwa herufi. Kidude cha jamii hiyo, alisema, kinapatikana kwa bei chini ya rial moja. Kinaitwa TCRT5000. Kilipofika nikakigeuzageuza chini ya kioo cha kukuzia. Macho mawili yamekaa bega kwa bega: moja linatoa mwanga usioonekana, la pili linapokea ule uliorudi. Na lile la pili ni transista inayopitisha umeme zaidi mwanga ukiigusa.

Nikaliteremsha sanduku la bati. Katika zile OC71 tano za Mkunazini zimebaki tatu. Nikaikwangua moja rangi kwa wembe, nikaiunga kwenye betri na mita ya sindano, nikamwambia mjukuu apitishe mkono juu yake. Sindano ikainuka, ikashuka. Alikaa muda mrefu akipitisha mkono. Waingereza wenyewe baadaye waliiuza transista hiyo bila koti kwa jina jingine, OCP71, kwa bei kubwa zaidi, na mafundi wote waliokuwa na wembe wakawacheka.

Kazi yenyewe ilituchukua Ijumaa nne. Kidude tulikifunga kwa uzi kwenye fremu ya miwani ya zamani ya dada, juu ya kioo, umbali wa milimita chache kutoka ncha ya nyusi, kwa sababu ukikiweka mbali zaidi ya hapo kinaona kila kitu na hakioni kitu. Usiku kilifanya kazi. Saa tatu asubuhi jua la Nizwa likaingia dirishani, nalo limejaa infraredi tele, kengele ikalia bila kukoma. Mjukuu akakata kipande cha buibui kuukuu, cheusi kama usiku wa giza, akakishonea kama pazia. Ikaendelea kulia. Hapo hata mimi nilishangaa. Kumbe vitambaa vingi tunavyoviona vyeusi, kwa infraredi ni kama kioo cha dirisha. Tuliyemdhania pazia alikuwa mlango wazi. Karatasi ya aluminiamu ya kufungia samaki ndiyo iliyotuokoa.

Jirani yetu mmoja, bibi wa Ibra, anavaa barakoa kama wanavyovaa wenzake wa Sharqiyah mpaka leo. Alikuja kumzuru mgonjwa, akatutazama tukihangaika na ile miwani, akasema mbona msiishone ndani ya barakoa? Ile barakoa ina ujiti wa kusimama katikati ya macho, na ukanda unaokaa juu ya nyusi; hapo kidude kingekaa hakitikisiki, kivuli kimejipatia, na watu wasijue. Unguja nako mabibi wa Kiarabu walivaa barakoa. Dada yangu hakuivaa maisha yake yote, akainua nyusi moja tu, ambayo si ndiyo wala si la, na shauri likaisha. Lakini kwa upande wa ufundi bibi wa Ibra alikuwa na haki kuliko sisi.

Likabaki suala la kusudi. Mtu hupepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika. Akiota, uso unacheza. Akipiga chafya, ndio hivyo tena. Tukakubaliana kengele ilie nyusi zikipanda na kubaki juu kwa sekunde moja. Mimi nikachukua kapasita ya maikrofaradi 10 na rezista ya kilo-omu 100, ambazo kwa pamoja hutoa sekunde moja, ndivyo nilivyosoma kwenye mikono ya Mgoa. Mjukuu akaandika namba 1000 katika programu, akamaliza kabla chuma changu hakijapata moto. Siku mbili baadaye tukaona sekunde moja inamchosha dada, zinatosha sehemu saba za kumi. Yeye akafuta 1000 akaandika 700. Mimi nilikuwa ningali natafuta rezista.

Tangu hapo dada ameita kila usiku. Mara nyingi ni maji. Usiku wa pili aliita mara kumi na moja, hakutaka kitu, alikuwa anatujaribu. Siku moja alitufanya tubahatishe mpaka tukafika kwenye redio, na nilipoiwasha nikazungusha stesheni moja moja, akanyamaza kwa zote isipokuwa taarabu.

Vitu vyote, tukiondoa Arduino aliyokuwa nayo mjukuu, havikufika rial tano. Kisanduku ni cha tambi, kimefungwa skrubu nne, na juu yake mjukuu ameandika kwa Kiarabu na Kiswahili: Usifungue. Nimemwambia afute. Kitu kama hiki lazima kitaharibika siku moja, na fundi atakayekuja anahitaji kusoma: Fungua kwa bisibisi ndogo, anza na waya wa betri.